Uvimbe wa Taya na Breki za Kinga

Rutamba ni nchi ya chini yenye ziwa na mvua, bara kidogo kutoka mji wa Lindi, na mbu wake hawakosi. Nchi za namna hii ndizo zilizomshughulisha Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Tangu 1957 alikuwa akiletewa watoto wenye taya zilizovimba hadi meno yakalegea, na wengi walikufa mapema mno.

Mwaka 1961 yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu, wakapita Kenya na Tanganyika wakielekea kusini, maili 10,000 kwa wiki 10, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Uvimbe ulifuata joto na mvua. Kwenye miinuko ya baridi haukuonekana. Ulikuwa ni ukanda uleule wa malaria.

Hata hivyo uvimbe huu ni saratani, na mbu haambukizi saratani. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza huko London kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Karibu sote tunacho. Hujificha ndani ya seli B, aina moja ya seli za kinga, nazo seli T, aina nyingine, hukidhibiti: seli T ikiitambua alama yake juu ya seli iliyoambukizwa, na ikipata ishara ya pili ya kuithibitishia, huzaana na kuua. Malaria ya mara kwa mara huudhoofisha ulinzi huo. Uchunguzi wa Kisumu ulikuta watoto wa miaka 5 hadi 9 wakikijibu kirusi kwa udhaifu zaidi kuliko wenzao wa Nandi, kwenye milima isiyo na malaria nyingi.

Je, seli T zingeweza kuamshwa? Kampala walijaribu. Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza 1967, John Ziegler na Ian Magrath waliwachanja BCG, chanjo ya kifua kikuu, wagonjwa waliokwisha kupata nafuu kwa dawa, ili kinga ichangamke na ugonjwa usirudi. Mwaka 1976 waliandika waziwazi kwamba haikusaidia. Ni ukweli unaostahili heshima, maana siku hizo hakuna aliyejua kwamba seli T zina breki.

Breki hizo, CTLA-4 na PD-1, mwili umejiwekea ili kinga isiushambulie wenyewe. Saratani nyingi huzitumia kujikinga. James Allison na Tasuku Honjo walionyesha kwamba zikizibwa, seli T hurudi kazini, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Uvimbe wa Burkitt wenyewe bado hutibiwa kwanza kwa dawa za kuua seli za saratani, na watoto wengi hupona wakiwahi. Lakini uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mzazi wa Rutamba akiona shavu la mwanawe linavimba na meno yanalegea, asiishie kuyang'oa: ampeleke hospitali wiki hiyohiyo.