Kisa cha Kua na Vitabu vya Watoto

Katika visiwa vya Mafia, zamani kabla ya kalamu kuwaandikia watoto habari za huzuni, ndimi za wazee zilikwisha kuwasimulia, wala hazikuwasitiria kitu. Kisa mashuhuri ni kile cha watu wa mji wa Kisimani, ambao, walipokwisha kuunda jahazi lao, waliwaalika jirani zao wa Kua, kisiwani Juani, katika karamu ya kulishua. Kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, na jahazi likapita juu yao kwenda baharini. Watu wa Kua walinyamaza miaka, hata hasama ikadhaniwa imekwisha, ndipo nao wakaalika harusi: wageni wakaketishwa katika chumba cha chini ya nyumba, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwatumbuiza huku mlango ukizibwa taratibu kwa mawe na chokaa. Mzee huyo ndiye astahikiye kutazamwa sana, kwani yeye alijua kwamba mlango unazibwa.

Sidai kwamba yote yalitukia hivyo; lakini mtoto aliyekisikia kisa hiki alijua kuwa dhuluma haikuletwa Mafia na wageni peke yao. Wageni nao walikuja: mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa Wasakalava wa Bukini, yaani Madagaska, waliishambulia Kua, wakaua na kuteka, na mji ukawa magofu.

Kisha kalamu nayo ikafuata: mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alitoa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha habari za watu wa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, nacho kikasomwa sana shuleni. Shukrani zake kwa Waingereza waliowakomboa watu hao zimezidi kiasi, kwa mizani yangu. Hata hivyo aliwaamini wasomaji wadogo, akawaonyesha minyororo.

Mafia nayo ina habari yake ya utumwa. Mabwana walikaa Chole Mjini, na watumwa wakatumikia minazi Chole Shamba, ndilo lililokuwa jina la kisiwa kikubwa cha Mafia enzi hizo. Wadachi, waliokitwaa mwaka 1890, hawakuufuta utumwa. Waliamuru kwamba wana wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na waliosalia wakangoja sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Basi katika banda moja, kwa mama mmoja, kitinda mimba aliweza kuwa muungwana na kaka yake angali mtumwa. Habari ya ndugu hao ndiyo ningependa iandikwe kwa mtoto wa miaka kumi, pamoja na swali ambalo mdogo lazima alimwuliza mama yake, na jibu la mama bila ya kulainishwa.