Nani Alilala Hapa Usiku wa Jana

Dodoso la utafiti wa kaya huanza na maswali ambayo wenyeji wengi huyaona ni ya kupotezeana muda: nani wanaishi hapa, na nani alilala hapa usiku wa jana? Mimi nimeyauliza mpaka nikayaota. Nilikuwa nesi wa zahanati miaka 31, katika vijiji vya Nkasi na vya Sumbawanga Vijijini, mkoani Rukwa, na nilipostaafu nikaitwa mara kadhaa kuwa mdadisi, kwa kuwa Kifipa nakijua na miguu ilikuwa bado ina nguvu. Nimeyauliza kwenye nyumba za tofali za kuchoma Namanyere, nimeyauliza kwa wafugaji kule bondeni Mtowisa. Na kadiri nilivyouliza ndivyo nilivyozidi kukumbuka kwamba huku Ufipa, suala la kijana analala wapi na nani yuko jirani yake ni la zamani kuliko dodoso lolote.

Nilizaliwa Chala mwaka 1958. Tangu nilipopata fahamu nililala kwa bibi. Si kwamba nilikuwa yatima. Mama na baba walikuwa hatua chache tu kutoka pale. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mtoto akishaachishwa ziwa alihamia kwa bibi na babu, kwa sababu ilikuwa aibu mtoto anayeanza kuelewa mambo alale chumba kimoja na wazazi wake. Juni na Julai baridi ya Ufipa inakata masikio, nasi wajukuu tulijipanga kuzunguka moto, wadogo karibu, wakubwa nyuma, na bibi akakaa kwenye kigoda mpaka wa mwisho wetu asinzie. Nyumba nzima ilinuka moshi na unga wa ulezi.

Ukikua kidogo ulitoka hata kwa bibi. Zamani zake yeye, vijana walikuwa na nyumba zao kijijini, wavulana kwao na wasichana kwao, wakalala pamoja wenye umri mmoja hadi waoe au waolewe. Kathleen Smythe, mwanahistoria Mmarekani, aliwahoji wazee wa Nkasi juu ya maisha hayo na kitabu chake kuhusu familia za Kifipa kilitoka mwaka 2006. Nilipokuja kusimuliwa yaliyomo, nilihisi kama mtu amefungua mlango wa nyumba ya bibi yangu. Jambo moja nalisisitiza, maana vijana wa leo wakisikia nyumba za vijana hudhani palikuwa na uhuru wa kujifanyia lolote. Nyumba ya wasichana ya upande wetu ilikuwa mbavuni mwa nyumba ya mama mmoja mjane. Alisikia kikohozi. Alijua nani hakula. Alijua, bila kuulizwa, binti gani ameingia mwezini na binti gani mwezi umempita.

Siwezi kusema kwamba yote yalikuwa mema. Mimba za mapema zilikuwepo. Na bibi huyohuyo aliyetulinda alijua habari za mwanamume mmoja wa ukoo aliyekuwa akiwasumbua watoto wa kike, akanyamaza hadi kufa kwake, kwa kuogopa aibu. Sisi tuliambiwa tu tusipite njia ile jioni. Nimeuguza wengi, na nasema wazi: ukimya ule uliumiza watu ambao hadi leo wanatembea Chala na maumivu yao.

Kisha wakaja mapadre. Wamisionari wa Afrika, tuliowaita Mapadre Weupe, walishika kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko wakapanda uwandani kwetu. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza jimbo la huko tangu 1891 hadi alipofariki 1917, na mapadre wake hawakuzipenda nyumba za vijana. Waliona vijana wanalelewa na wenzao badala ya kulelewa na Kanisa. Basi wakawavutia misheni, kwenye shule na mabweni. Masista wakawafunza wasichana kusoma, kushona na katekisimu.

Watu wakizungumzia misheni hutaja makanisa na shule. Mimi hutaja daftari la ubatizo. Kabla ya daftari hilo umri wa Mfipa ulihesabiwa kwa njaa, kwa vita, kwa mwaka wa nzige. Ukitaka kujua afya ya vijana wa miaka 15 hadi 19 lazima kwanza uwe na mtu anayejua ana miaka 15. Tarehe yangu ya kuzaliwa, ile iliyoandikwa kwenye kitambulisho changu, ilinakiliwa kutoka kwa padre.

Na Karema ndiko alikokuwa Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, Wamisionari wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na hakuondoka tena. Alitibu watu wa ufukwe huo hadi alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60. Alikuwa daktari na katekista kwa pamoja. Mganga wetu wa kwanza wa hospitali alikuwa mtu aliyejua kwa mwili wake mwenyewe yanayoweza kumpata mtoto aliyeondolewa nyumbani kwao. Nilipokuwa mwanafunzi wa unesi jina lake lilinitia nguvu.

Wavulana nao waliondolewa na kodi. Enzi za Waingereza walikwenda kutafuta fedha ya kuilipa katani Tanga, dhahabuni Lupa, na kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Walirudi na mablanketi, na baiskeli, na wengine na kisonono. Nyumba za vijana wa kiume zikabaki tupu, na hazikujaa tena.

Nikija kwenye zama zangu mwenyewe, kitu kilichobadilisha malazi ya vijana wa Ufipa si dini wala kodi. Ni shule za kata. Kuanzia mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule hizo ziliota kila pembe ya nchi, na ni jambo jema sana. Mabinti wangu wawili wamesoma huko. Ila kata za kwetu ni pana. Mtoto anatoka kitongoji kilicho mbali mno kwenda na kurudi kila siku, bweni halipo au limejaa, basi mzazi anampangia chumba karibu na shule. Wenyewe wanakiita geto.

Nitakueleza geto moja la Laela, nilipofika kwa kazi ya udadisi. Chumba kimoja, sakafu ya udongo. Godoro moja, mabinti watatu. Sketi za shule kwenye misumari. Viroba vitatu vya unga, kila kimoja kimeandikwa jina kwa kalamu nyeusi ili unga usichanganywe. Sufuria moja, jiko la mkaa, na mlango unaofungwa kwa kitasa cha mti. Waliinuka wote watatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mkuu wa kaya yupo?"

Wakatazamana. Mmoja akamgusa mwenzake begani. "Labda huyu. Yeye ndiye anatunza hela."

Alikuwa na miaka 16. Kanuni yetu ilitaka aliye chini ya miaka 18 ahojiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kanuni hiyo ni ya haki, ipo kumlinda mtoto. Lakini mzazi alikuwa mwendo wa nusu siku. Mwenye nyumba alisema yeye ni mpangishaji tu, si mlezi, hatii saini. Nikafunga dodoso. Wakati natoka yule mdogo aliniuliza kama nina dawa ya tumbo la mwezi, kisha akaniambia kuna mtu huwa anagonga mlango usiku wakilala. Hakuna mahali kwenye karatasi yangu palipokuwa pa kuandika hilo. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji jioni ileile, na kesho yake kitasa kikabadilishwa kuwa komeo la chuma.

Sidharau tafiti. Ndizo zilizotutoa kwenye ukimya wa bibi yangu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Maeneo ya kuwahoji wasichana yalitengwa na ya wavulana, ili aliyemdhuru binti asije akajua anaulizwa nini. Hiyo ni kazi ya watu wenye huruma na akili. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ukasema asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshazaa au wana mimba au wamewahi kupata mimba. Rukwa yetu ilikuwa asilimia 30. Na ule wa 2015–16 ulitutia aibu nyingine: mkoa unaolisha nchi mahindi ulikuwa na udumavu kwa asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano, juu kuliko mkoa wowote.

Udumavu huo tumeuhesabu kama habari ya watoto wachanga, tukasahau kwamba wachanga wanakua. Mtoto niliyemsimamisha kwenye ubao wa kupimia urefu mwaka 2015 akiwa na miaka minne, leo yuko sekondari. Analala geto. Anakula ugali wa kiroba kile kwa mchicha wiki nzima, na msichana huyo mfupi, mwenye nyonga nyembamba, ndiye akipata mimba atafikishwa wodini kwa bajaji usiku. Namba mbili zinazochapishwa kwenye kurasa mbalimbali zinakutana ndani ya mwili mmoja. Nimezishika kwa mikono yangu zikikutana hivyo, na si mara moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandaa tafiti zijazo za vijana balehe wa Ufipa. Lihesabuni geto kama malazi yenye jina lake, muweke utaratibu wa idhini ambao mwalimu mlezi na mzazi wanaweza kuutimiza mapema, na muweke nafasi ya kuandika nani anagonga mlango. Na kwa wazazi wenzangu: mtafute mama wa mtaa huo, mlipeni hata debe la mahindi, awe anapita saa tatu usiku kuita majina.

Mkija kuhoji, njooni Jumanne au Jumatano. Ijumaa mchana mabinti wanakwenda kwao kuchukua unga, na mtakuta vyumba vimefungwa.