Nyuki Dume Hana Baba

Nyuki dume hana baba, ila babu anaye. Hutoka katika yai ambalo halikurutubishwa, na yai hilo lina seti moja tu ya kromosomu, 16, zote za mama. Malkia na nyuki wafanyakazi hutoka katika mayai yaliyorutubishwa, nao wana kromosomu 32: 16 za mama, 16 za baba. Seli yenye seti moja huitwa haploidi, yenye mbili huitwa diploidi. Majina hayo aliyatunga Eduard Strasburger, mtaalamu wa mimea wa Bonn, mwaka 1905. Wafugaji wa nyuki walikuwa wamekwisha kulibishania jambo lenyewe kwa miaka 60.

Aliyelianzisha ni Johann Dzierzon, padri wa Kikatoliki aliyefuga nyuki kijijini Karlsmarkt, Silesia, sehemu iliyokuwa ya Prussia na leo iko Poland. Katika mizinga mingi ya zamani masega yalishikamana na kuta, na kuyachunguza ilimaanisha kuyakata. Mwaka 1838 Dzierzon aliunda mzinga ambao kila sega lilining'inia kwenye kijiti chake, likaweza kutolewa, kutazamwa na kurudishwa. Ndipo mambo yakaanza kuonekana. Malkia mwenye mabawa mabovu, asiyeweza kuruka kwenda kupandwa, alitaga vilevile, lakini wanawe wakawa madume matupu.

Malkia mzima hupandwa angani akiwa kijana, kisha hutunza mbegu za kiume kwa miaka katika kifuko kilichomo tumboni. Akifika kwenye tundu jembamba la sega, hutaga yai na kuliachilia mbegu kidogo. Akifika kwenye tundu pana, la madume, huzizuia. Dzierzon alitoa hoja hiyo mwaka 1845 katika jarida la wafuga nyuki la Eichstätt, nayo ikapingwa vikali. Kiumbe mzima, mwenye macho na mabawa, azaliwe pasipo baba?

Jibu lilikuja kwa rangi. Mwaka 1853 Dzierzon alipata nyuki wa Kiitalia, wa manjano, wakati wale wa kwao walikuwa weusi. Malkia wa manjano aliyepandwa na madume weusi alizaa wafanyakazi wenye damu mchanganyiko, ila madume wake walibaki wa manjano kama mama yao. Mwaka 1855 Carl von Siebold alipasua mayai chini ya hadubini: katika mengi ya wafanyakazi aliona mbegu za kiume, katika ya madume hakuona hata moja.

Hesabu ya kromosomu za kila mzazi ilisubiri hadi 1883. Edouard van Beneden wa Liège alichunguza mnyoo wa tumbo la farasi, mwenye kromosomu chache mno, akaona yai likileta 2 na mbegu ikileta 2, jumla 4. Basi lazima kila kizazi kiwe na mgawanyiko unaopunguza seti mbili kuwa moja, la sivyo hesabu ingeongezeka maradufu bila kikomo. Mgawanyiko huo ni meiosisi. Dume wa nyuki hana cha kupunguza, kwa hiyo kila mbegu yake hubeba kromosomu zake zote 16 bila mabadiliko. Mabinti wa baba mmoja hupokea urithi uleule kutoka kwake, na kwa wastani hushirikiana robo tatu ya jeni zao.

Haploidi, basi, si kiumbe nusu. Seti moja ina maelekezo yote ya kujenga nyuki. Kinachokosekana ni nakala ya akiba. Diploidi akirithi jeni mbovu kwa mzazi mmoja, mara nyingi ile ya mzazi wa pili huifunika. Kwa dume kasoro hujitokeza papo hapo.

Hata hivyo, udume wa nyuki hautokani na idadi ya seti peke yake. Mwaka 1963 Jerzy Woyke, mtafiti wa Poland, alionyesha kwamba malkia akipandwa na ndugu zake, baadhi ya mayai yaliyorutubishwa huzaa madume diploidi. Jeni inayohusika ilitambuliwa mwaka 2003: aina zake mbili tofauti zikikutana, nyuki huwa jike, ikiwapo moja, au mbili zinazofanana, huwa dume. Majana hao wa ajabu hawafiki mbali. Wafanyakazi huwatambua saa chache baada ya kuanguliwa na kuwala, na mfugaji akilitoa sega hukuta matundu matupu yametapakaa katikati ya watoto waliofunikwa kwa nta.