Kulipima Jua na Kuyatabiri Mawingu

Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Mkulima huyatazama mawingu kwa matumaini, mwenye kuzalisha umeme kwa nguvu za jua huyatazama kwa mashaka. Jua lenyewe halina kigeugeu, kwani saa za kuchomoza na kuchwa kwake zajulikana. Lakini wingu moja laweza kuipunguza nuru yake kwa dakika chache, na umeme hauna budi kulingana na mahitaji ya watu kila wakati.

Kazi ya kulipima jua ilianza zamani. Mwaka wa 1853 John Francis Campbell, mtu wa Uskoti, aliweka tufe la kioo katika bakuli la mti. Tufe hilo lilikusanya miali ya jua, nayo ikauunguza mti. Wingu lilipopita, kuungua kulikoma. Mwaka wa 1879 George Stokes alitengeneza bakuli la madini lenye kushika kadi, ambayo ilibadilishwa kila siku. Urefu wa alama iliyoungua ulionyesha saa za jua. Mwaka wa 1924 Anders Ångström wa Uswidi alieleza jinsi ya kukadiria, kutokana na saa hizo, nguvu zote za jua zinazoifikia ardhi. Kisha mwaka wa 1977 setilaiti ya kwanza ya Meteosat ilirushwa, ikayatazama mawingu ya Afrika na Ulaya kutoka juu yapata kilomita 36,000. Basi wataalamu wakaweza kufuata mwendo wa mawingu na kukisia kivuli kitaangukia wapi.

Elimu hiyo ilijaribiwa Ujerumani tarehe 20 Machi 1915 + 100, yaani 2015, jua lilipopatwa asubuhi. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa na mitambo ya jua yenye uwezo wa zaidi ya megawati 35,000. Saa ya kupatwa ilijulikana miaka mingi kabla; hali ya mawingu haikujulikana. Kama mbingu zingefunikwa, upungufu ungekuwa mdogo. Kama zingekuwa nyeupe, umeme ungeshuka ghafula na kupanda tena kwa kasi. Wasimamizi waliandaa umeme wa akiba, wakafuata utabiri hadi siku yenyewe, na taa hazikuzimika.

Nasi Kenya tuna mtambo wa jua Garissa, wenye uwezo wa megawati 50, uliozinduliwa mwaka wa 2019. Mwezi hutabiriwa kwa hesabu. Wingu hutabiriwa na wale waliokubali kuliangalia kila siku.