Konklave: neno la kubaki nalo

Papa Fransisko alifariki dunia tarehe 21 Aprili 2025. Tarehe 7 Mei makardinali 133 waliingia katika Kikanisa cha Sistina, wakala kiapo, na milango ikafungwa. Jioni ya tarehe 8 moshi mweupe ulitoka: Kardinali Robert Francis Prevost, mzaliwa wa Chicago aliyewahi kuwa Askofu wa Chiclayo nchini Peru, alikuwa amechaguliwa, naye akajiita Leo XIV. Kwa Kiswahili tukio la namna hii huitwa konklave, au mkutano wa kumchagua Papa, au hata mkutano wa siri wa makardinali. Majina hayo hayana uzito sawa, na mwandishi anayemjali msomaji wake hana budi kuchagua.

Konklave ni neno lililotokana na Kilatini, cum clave, yaani “kwa ufunguo”. Chimbuko lake ni mji wa Viterbo, Italia. Papa Klementi IV alipofariki mwaka 1268, makardinali walivutana huko karibu miaka mitatu bila kuafikiana. Wenyeji wakachoka, wakawafungia ndani na kuwapunguzia chakula. Husimuliwa kwamba hata paa la jumba liliezuliwa. Gregori X, aliyechaguliwa mwaka 1271, aliyafanya masharti hayo makali kuwa sheria katika Mtaguso wa Pili wa Lyon, mwaka 1274. Siku hizi makardinali hulala katika nyumba ya Mtakatifu Marta, lakini hawaruhusiwi simu, magazeti wala mawasiliano yoyote na walio nje. Kufungiwa ndiko kiini cha neno.

“Mkutano” unakipoteza kiini hicho. Kwetu mkutano una ajenda, wachangiaji na maazimio. Makardinali wanayo mikutano ya aina hiyo, nayo huitwa mikutano elekezi. Hufanyika kabla ya konklave, na hata waliotimiza miaka 80, wasio na haki ya kupiga kura, wanaweza kuhudhuria. Humo ndimo hali ya Kanisa inamojadiliwa kwa kina. Ndani ya Sistina kazi ni kusali na kupiga kura. Kila mmoja hupewa karatasi yenye maneno ya Kilatini yenye maana ya “Namchagua kuwa Papa”, akaandika jina moja kwa mwandiko usiotambulika, akaikunja mara mbili na kuipeleka altareni akiwa ameiinua juu. Wahesabu kura ni watatu. Wa mwisho hulisoma jina kwa sauti, kisha huitoboa karatasi kwa sindano penye neno Eligo, “namchagua”, na kuitunga kwenye uzi. Mwishowe zote huchomwa.

Hapo hakuna aliyechukua fomu wala anayefanya kampeni. Mshindi hupatikana kwa theluthi mbili. Kwa wapigakura 133, ni kura 89. Ukiandika “mkutano wa uchaguzi”, msomaji wa Dodoma au Nairobi atawaza mkutano mkuu wa chama.

“Siri” nayo inadokeza njama. Kanuni za konklave zimechapishwa wazi katika katiba ya kitume Universi Dominici Gregis, aliyoitoa Papa Yohane Paulo II mwaka 1996, na siku ya kuanza hutangazwa mapema. Kinachofichwa ni kura na yanayosemwa ndani. Hali hiyo ni faragha.

Kutohoa neno hili si jambo geni. Tumetohoa sinodi, parokia, sakramenti na kardinali. Konklave linaishia kwa vokali na linakaa vizuri katika ngeli ya I-ZI: konklave hii, konklave hizi. Wala jambo lenyewe si la mbali nasi. Laurean Rugambwa wa Tanzania, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika zama hizi, alishiriki konklave ya mwaka 1963 na zote mbili za mwaka 1978. Mwaka 2025 Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora alikuwa miongoni mwa wapigakura.

Wahariri, andikeni konklave, na mara ya kwanza katika kila habari fafanueni: uchaguzi wa Papa unaofanywa na makardinali wakiwa wamefungiwa faraghani. Neno mkutano liachieni mikutano elekezi. Na makardinali wanaotajwatajwa kwamba huenda wakachaguliwa msiwaite wagombea, kwa maana hakuna anayegombea.