Somo la Historia: Michoro ya Kolo na Wanaoisomea

Fungueni madaftari yenu.

Leo twatoka Dodoma, twaelekea kaskazini, tuipite Kondoa hata Kolo. Kwenye majabali ya huko mtaona watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu. Waliochora hawakujua kuandika, lakini walituachia habari zao.

Je, mtu aweza kusomea michoro Chuo Kikuu? Aweza. Mwenye shahada ya kwanza huomba kusoma shahada ya pili ya historia ya sanaa. Huchagua jambo moja, hulichunguza, huuliza wenyeji, kisha huandika utafiti wake.

Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa. Baadaye Mtanzania, Fidelis Masao, aliichunguza michoro ya nchi hii ya kati hata akapata udaktari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1979. Mwaka 2006 UNESCO iliitia michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia.

Lakini mvua, jua na mikono ya watu huifuta. Mchoro ukifutika, hakuna shahada iwezayo kuurudisha. Basi usiukwaruze, wala usiumwagie maji ili rangi ing'ae.

Nawe uliyejifunza kuandika, mwulize mzee wako habari za majabali hayo, uziandike. Mtafiti ajaye atazihitaji.

Maswali:
1. Ni nani walioichunguza michoro hii?
2. Ni nini huiharibu?

Kwa herini hata somo lijalo.