Kanuni za Udereva Salama kwa Vijana Wenye ADHD: Mwongozo kwa Familia na Wamiliki wa Pikipiki

Katika Kata ya Songambele mkoani Kagera, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe kabla ya Wilaya ya Kyerwa kuanzishwa mwaka 2012, chombo cha kwanza cha moto ambacho kijana hukabidhiwa kwa kawaida ni pikipiki, si gari. Pikipiki hupeleka mgonjwa zahanati, husafirisha ndizi na kahawa kutoka shambani, na humpatia kijana aliyemaliza shule kipato cha kila siku. Kwa kijana mwenye hali ya ugumu wa umakini na utulivu, ambayo wataalamu wa afya huitaja kwa kifupi cha ADHD, hatua hiyo inahitaji maandalizi zaidi ya yale anayopewa kijana mwingine.

Makala haya yanaeleza hali hiyo, uhusiano wake na ajali, matakwa ya sheria, na kanuni ambazo mzazi, mlezi au mmiliki wa pikipiki anaweza kukubaliana na kijana kabla ya kumkabidhi funguo.

ADHD ni nini

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Dalili zake zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni ugumu wa kudumisha umakini: kusahau maagizo, kuacha kazi katikati na kuvutwa kirahisi na jambo jingine. Kundi la pili ni kutotulia na kutenda kabla ya kufikiri. Kijana anaweza kuwa na dalili za kundi moja au za yote mawili. Ili mtaalamu athibitishe hali hiyo, dalili zinapaswa kuwa zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu kwa angalau miezi 6, na zinaonekana katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni.

Inakadiriwa kuwa takriban watoto 5 katika kila 100 duniani wana hali hii, na wengi wao huendelea nayo katika ujana. Utukutu wa utotoni hupungua kadri umri unavyosonga, lakini ugumu wa umakini mara nyingi hubaki. Ndiyo maana familia nyingi hudhani kijana amepona wakati ambapo ndipo anapoanza kuendesha pikipiki. Hali hii si utovu wa nidhamu, si matokeo ya malezi mabaya, wala si upungufu wa akili.

Uhusiano wake na ajali

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka na ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Utafiti uliofanyika katika jimbo la New Jersey nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 ulibaini kuwa uwezekano wa vijana wenye ADHD kupata ajali yao ya kwanza ulikuwa juu kwa asilimia 36 ukilinganishwa na wa vijana wasio na hali hiyo.

Sababu kubwa ni macho kuondoka barabarani. Dereva anayekwenda kilometa 50 kwa saa husafiri takriban mita 28 katika sekunde 2. Akitazama simu au mtu anayemwita kando ya njia kwa muda huo, amepita umbali wote huo bila kuona kilicho mbele yake. Katika barabara ya changarawe yenye miteremko, mifugo na watoto watokao shule, umbali huo unatosha kusababisha kifo.

Hata hivyo, hatari hiyo inaweza kupunguzwa. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliohusisha vijana 152 wenye ADHD, wa umri wa miaka 16 hadi 19. Wale waliofundishwa kwa mazoezi ya kurudiarudia kutoondoa macho barabarani walipunguza mitazamo ya sekunde 2 au zaidi kuliko wenzao wasiopata mafunzo hayo. Udereva salama, kwa maneno mengine, ni tabia inayofundishika.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka kila anayeendesha chombo cha moto barabarani awe na leseni ya daraja linalohusika. Madaraja ya pikipiki yapo katika kundi A, na leseni ya gari haimruhusu mtu kuendesha pikipiki. Umri wa chini wa kuendesha gari ni miaka 18. Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto na inakataza kumwajiri katika kazi hatarishi. Kwa msingi huo, hakuna makubaliano ya kifamilia yanayoweza kuhalalisha mwanafunzi kukabidhiwa pikipiki ya biashara.

Mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa. Dereva wa pikipiki na abiria wake wanatakiwa kuvaa kofia ngumu.

Kanuni za kukubaliana kabla ya funguo kukabidhiwa

Kijana mwenye ADHD hufaidika na kanuni chache, zilizo wazi na zilizoandikwa. Karakana, kijiwe au nyumbani, karatasi hiyo ibandikwe mahali anapoiona kila siku, kwa kuwa kusahau ni sehemu ya hali yenyewe.

Kwanza, mafunzo kabla ya barabara. Kijana ajifunze kwa mkufunzi anayetambulika na apate leseni. Mkufunzi aelezwe mapema kuhusu hali yake ili atoe agizo moja kwa wakati mmoja na arudie zoezi mara nyingi.

Pili, ruhusa kwa hatua. Aanze mchana, wakati wa ukavu, katika njia moja anayoifahamu, akiwa peke yake na bila mzigo, huku mtu mzima akimfuatilia. Baada ya wiki kadhaa bila kosa, aongezewe barabara kuu, kisha mzigo, kisha abiria mmoja. Mvua na usiku viwe vya mwisho. Kubeba mishikaki kusiruhusiwe katika hatua yoyote.

Tatu, simu. Simu izimwe sauti na iwekwe ndani ya begi kabla ya kuwasha injini. Dereva wa bodaboda anayetegemea simu za wateja asimame nje ya barabara ndipo apokee.

Nne, ukaguzi mfupi. Kabla ya kila safari akague breki, matairi, taa, mafuta na kofia ngumu kwa mpangilio uleule. Asizime injini katika mteremko ili kuokoa mafuta.

Tano, pombe, usingizi na dawa. Asiendeshe akiwa amekunywa pombe au hajalala vya kutosha. Ikiwa ameandikiwa dawa, azitumie kama alivyoelekezwa na amuulize daktari nguvu yake huisha saa ngapi, kwa kuwa safari za jioni zinaweza kuangukia muda ambao dawa haifanyi kazi tena. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha zaidi ya wagonjwa milioni 2.3 nchini Marekani ulionesha kuwa katika miezi waliyotumia dawa, ajali zilipungua kwa asilimia 38 kwa wanaume na asilimia 42 kwa wanawake. Dawa hizo hutolewa kwa cheti cha daktari pekee na hazipaswi kugawiwa mtu mwingine.

Sita, hesabu ya tajiri. Mmiliki anayedai hesabu kubwa humsukuma kijana kukimbia, kuchomekea na kufanya kazi hadi usiku. Katika miezi ya mwanzo hesabu iwe ndogo na saa ya kurudisha pikipiki ijulikane.

Saba, mipaka ya nchi. Wilaya ya Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda. Tanzania na Uganda hutumia upande wa kushoto wa barabara, wakati Rwanda hutumia upande wa kulia. Kijana anayejifunza asivuke mpaka akiendesha.

Kanuni inapovunjwa

Adhabu iwe ya haraka, fupi na iliyojulikana tangu mwanzo. Kunyimwa funguo kwa siku moja, siku inayofuata kosa, humfundisha kijana mwenye ADHD zaidi ya matusi au marufuku ya miezi mitatu, ambayo aghalabu humfanya achukue pikipiki kwa siri. Vilevile, wiki iliyopita bila kosa itambuliwe kwa kumwongezea ruhusa. Baba, mama na tajiri wawe na kauli moja. Mmoja akilegeza alichokaza mwingine, karatasi ya kanuni hukosa maana.

Mahali pa kupata huduma

Familia inayoona dalili hizo kwa kijana ambaye hajapimwa inashauriwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa jijini na mjini hutofautiana kwa umbali. Kwa wakazi wa Kagera ipo Bukoba, na kwa huduma za ngazi ya kanda ipo Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Mtaalamu akishauri kijana asubiri mwaka mmoja kabla ya kuendesha, ushauri huo uheshimiwe. Katika muda huo anaweza kujifunza ufundi wa pikipiki, kutumia baiskeli na kuzoea alama za barabarani, na siku ya kukabidhiwa funguo itamkuta akiwa tayari.